Crusoe na mtumbwi wake mzito
Juzi umeme ulikatika nikaanza kurudia Robinson Crusoe ya Daniel Defoe, kitabu cha 1719 hicho, na safari hii kilichonigusa wala sio meli kuzama. Jamaa kabaki peke yake, kisiwa chenyewe anakiita Kisiwa cha Kukata Tamaa, mwanzoni ni kulia tu, halafu anachukua karatasi anaandika upande huu mabaya upande huu mazuri, kama mangi anapiga hesabu za madeni dukani! Baadaye anachonga mtumbwi miezi kibao, kumaliza, mzito balaa, haufiki majini. Mi ningeishia hapo. Yeye akaja kuchonga mwingine mdogo. (Mambo yake na Ijumaa, yule mtu anayemfanya mtumishi wake, yananikera, ila hayo siku nyingine.)