Pancha ya trekta si dakika 10: siku moja ya fundi wa matairi

Saa 12 asubuhi. Simu inaita kabla sijanawa uso. Trekta limekwama shambani, tairi la nyuma limeishiwa upepo. "Fundi, njoo haraka, ni pancha ndogo tu." Kwenye kazi hii hakuna maneno yanayonichosha kama hayo. Tairi la nyuma lililoandikwa 18.4-30 lina upana wa inchi 18.4 na linakaa kwenye rimu ya inchi 30. Likisimama linanifika mabegani. Huwezi kulibeba kwenye baiskeli ukalileta kijiweni kwangu, kwa hiyo mimi ndiye ninayelifuata liliko.

Saa 1. Napakia vifaa: jeki, mitaimbo mirefu, nyundo kubwa, kompresa, sabuni, gundi, viraka, na vipande vya mbao nene. Hizo mbao watu huzicheka. Lakini udongo uliolimwa ni laini, na jeki isiyo na ubao chini yake huzama yenyewe badala ya kuinua trekta.

Saa 2 mpaka saa 4. Njiani nikaziba tairi la mbele la trekta jingine, tukaagana vizuri.

Saa 4 na nusu. Nafika. Dereva yuko kivulini, mwenye trekta kasimama juani akiangalia saa yake. Salamu yangu ikajibiwa, "Fundi, umechelewa." Nikaliangalia tairi: ubavu umelowa, udongo chini yake umekuwa tope, na mvua haijanyesha.

"Mzee, hili lina maji ndani?"

"Ndiyo, si yanawekwaga? Kwani kuna tatizo?"

Tatizo ni kwamba simuni hakusema. Wasiojua watashangaa tairi linajazwaje maji. Trekta linahitaji uzito nyuma ili magurudumu yasiserereke linapovuta jembe, na njia rahisi ya kuongeza uzito huo ni kujaza maji ndani ya tyubu, hadi robo tatu hivi, kisha juu yake unatia upepo. Kwa tairi kama lile ni zaidi ya lita 300, yaani zaidi ya kilo 300. Ningejua, ningekuja na pampu na mapipa. Sasa dereva akatumwa kuyatafuta, na sisi wawili tukabaki kutazamana. Mzee akanieleza kwamba gari lake dogo huzibwa pancha kwa dakika 10. Akanieleza tena. Nilimwambia mara ya kwanza kwamba gari dogo na trekta ni vitu viwili tofauti. Mara ya pili nilinyamaza, nikaendelea kuweka vigingi kwenye magurudumu ya mbele na kushusha jembe mpaka likakaa chini. Trekta halipandi jeki huku jembe likining'inia.

Mapipa yalifika jua likiwa utosini. Nikainua, nikaegemeza ekseli kwenye magogo (jeki peke yake siiamini, hata iwe mpya), nikalizungusha gurudumu hadi valvu ikaja chini, nikatoa sindano yake, kile kijiti cha ndani kinachozuia upepo. Maji yakatoka yakinuka kutu na mpira mkongwe, na hayakuwa na haraka hata kidogo. Wakati yanashuka nikachora alama ya chaki kwenye tairi, usawa wa valvu. Alama hiyo ina kazi yake, nitaieleza.

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Gurudumu sikulifungua. Tairi la nyuma unaweza kulifungua mdomo (ukingo unaoshika rimu) wa upande wa nje tu na kuvuta tyubu likiwa palepale kwenye ekseli. Lakini mdomo wenyewe ulikuwa umegandiana na rimu kwa kutu. Unapiga kabari, unasogea kidogo, unapiga, unamwaga maji ya sabuni, unazunguka, unarudi ulikoanzia unakuta pamejifunga tena. Mikono inakufa ganzi. Mzee anauliza, "Bado?" Dereva, Mungu ambariki, akashika mtaimbo wa pili bila kuambiwa.

Tyubu ikatoka. Nikaitia upepo kidogo, nikaipaka sabuni kipande kwa kipande kwa sababu hakuna pipa la kuienea. Povu likachemka sehemu moja, tundu dogo sana. Mzee akacheka: "Si nilisema ndogo?" Hapo ndipo chaki inapofanya kazi. Napima kutoka kwenye valvu ya tyubu hadi kwenye tundu, kisha napima hivyohivyo kutoka kwenye alama ya tairi, najua kilichotoboa kiko wapi. Ndani ya tairi napitisha kitambaa, sipitishi vidole. Kitambaa kikanasa. Ulikuwa mwiba uliokatikia ndani ya mpira, ncha yake imejitokeza kama punje ya mchele. Ungebaki pale, kesho ningeitwa tena, na kuitwa mwizi juu yake.

Nikakwaruza tyubu mpaka mng'ao wote ukatoka, nikapaka gundi, nikasubiri.

"Bandika basi!"

"Mzee, gundi haipokei amri." Ikigusika bila kunata kidoleni, ndipo kiraka kinawekwa na kusuguliwa kutoka katikati kwenda pembeni. Ukiibandika mbichi, kiraka kinanyanyuka siku hiyohiyo.

Kurudisha ni kazi nyingine: poda ndani ya tairi, valvu kwanza ifungwe kidogo isipotelee ndani, halafu mtaimbo uingie kwa adabu usije ukaibana tyubu. Kwenye kujaza upepo ndipo nikawa mkali. Watengenezaji wa matairi haya wanaonya usivuke psi 35 (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo) unapokalisha midomo kwenye rimu. Rimu ikiachia ghafla, tairi la ukubwa ule linaua mtu. Nikamwondoa kila mmoja mbele yake, mzee akiwa wa kwanza, na hakupenda. Midomo ikakaa. Nikatoa upepo wote ili mikunjo ya tyubu inyooke, nikajaza upya. Kisha valvu juu, maji yakarudi kwa ndoo na mpira wa kunyweshea, mpaka yakafika usawa wa valvu. Hapo sote watatu tulikuwa tumelowa.

"Ongeza upepo, liwe gumu kama la gari." Hapana. Tairi la nyuma la trekta hufanya kazi na upepo mdogo, mara nyingi psi 12 hadi 20, ili kashata, yale meno ya tairi, zishike udongo kwa upana. Likiwa gumu linateleza na kuukandamiza udongo.

Jioni ikaja hesabu. "Kiraka kimoja, bei yote hiyo?" Nikamwonyesha kiraka kingine kutoka kwenye boksi, nikamwambia hicho nampa bure, akibandike mwenyewe. Akalipa, kwa kununa.

Nikabaki na dereva. Nikampa geji na kumwelekeza apime asubuhi tairi likiwa limepoa, valvu ikiwa juu, la sivyo maji yataingia kwenye geji. Akapima palepale, akanisomea namba, akaandika kwa chaki kwenye bawa la trekta, lile bati la juu ya gurudumu.