Waya wa silinda ya kwanza

Gari likimisi, wa kwanza kujua ni mgongo. Sikio bado linashindana na kelele za mvua na pikipiki, lakini kiti kimeshakuambia kwamba kuna pigo moja halikuja.

Asubuhi hiyo ya Aprili nilitoka Tegeta saa kumi na moja na nusu, masika inapiga turubai juu ya kichwa changu. Nilipofika Afrikana, kila nikikanyaga mafuta gari linajikunja na kutetemeka, kama mtu anayepanda ngazi akiruka daraja moja katika kila manne. Nikiondoa mguu linatulia kidogo. Nikikanyaga tena, yale yale. Nilifika shuleni Mikocheni kwa gia ya pili na ya tatu, nikiomba Mungu lisizime kwenye foleni ya Mwenge.

Gari lenyewe ni Eunos Roadster la mwaka 1992. Ndilo hilo hilo linaloitwa Mazda MX-5 Ulaya na Miata Marekani; Eunos lilikuwa jina la mtandao mmoja wa maduka ya Mazda kule Japani. Viti viwili, injini ya 1.6 aina ya B6, gia tano za mkono, paa la turubai unalolikunja kwa mkono nyuma ya viti. Uzito wake haufiki tani moja. Wanaoliona barabarani wanadhani ni gari la harusi au la Jumapili jioni, lakini mimi sina jingine. Linabeba madaftari ya Kidato cha Tatu, gunia la mkaa, na mama yangu akienda kliniki.

Alilinunua Mjomba mwaka 2006, likashuka bandari ya Dar es Salaam, naye akaliendesha miaka kumi na moja. Goti lilipoanza kumsumbua akashindwa kukanyaga klachi. Alipostaafu na kuhamia Tanga aliniachia funguo mbili na daftari la kurasa 96. Humo kila oili imeandikwa, kila belti, kila fyuzi, pamoja na kilomita na tarehe, kwa mwandiko wa mtu aliyefanya kazi ya stoo maisha yake yote. Naliheshimu daftari lile kuliko gari lenyewe.

Siku ile jioni nililipeleka kwenye gereji iliyokuwa karibu. Kijana akaja na kompyuta ya kupimia, akapiga magoti kutafuta soketi chini ya dashibodi. Hakuiona, kwa sababu haipo: soketi ile ya pini kumi na sita ilianza kuenea kwenye magari katikati ya miaka ya 1990, na hili ni la zamani zaidi. Wakashauriana, wakasema ni pampu ya mafuta. Nikakubali. Pampu ikabadilishwa, nikalipa, na siku mbili gari likaenda vizuri kabisa.

Siku ya tatu mvua ilirudi, na misi ikarudi nayo.

Hapo ndipo nilipompigia Mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza maswali.

“Mjomba, linamisi likiwa baridi au likishapata moto?”

“Sijaangalia.”

“Ukikanyaga mafuta au likiwa limesimama?”

“Nikikanyaga.”

“Silinda moja au mbili?”

Nikanyamaza. Ninafundisha fizikia. Kila wiki nawaambia wanafunzi waandike walichokiona kabla ya kuandika wanachodhani. Mimi nilikuwa nimenunua pampu bila kujua hata silinda ipi haichomi. Zile siku mbili za furaha hazikuletwa na pampu. Zilikuwa siku mbili za jua.

“Usilinunulie kitu kingine,” akasema. “Liulize kwanza. Nenda kwa fundi wangu wa Sinza, na uwe naye pale pale.”

Jumamosi nikaenda. Fundi huyu ni mtu mzima, amelijua gari hili tangu namba zake zikiwa mpya, na ananiita Mwalimu. Tulianza na kisanduku kidogo cha plastiki ndani ya boneti, kule nyuma karibu na kioo cha mbele, kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko chake kuna majina ya pini. Unaunganisha TEN na GND kwa kipande cha waya, kisha unaweka taa ndogo ya LED ya volti 12 kati ya B+ na FEN, unafungua swichi bila kuwasha injini. Kompyuta ya gari ikiwa na lalamiko, taa inapepesa: mipepeso mirefu ni makumi, mifupi ni mamoja. LED nilitoka nayo maabara. Haikutoa namba yoyote.

Kukosekana kwa namba kulikuwa jibu. Kompyuta hii inasoma vihisio: joto la maji, hewa inayoingia, mzunguko wa kamshafti. Haina njia ya kujua kama cheche imefika kwenye plagi au imepotea njiani. Kwa hiyo tukajua tutafute kule isikoona.

Injini hii haina distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila silinda. Ina koili mbili, ndizo zinazotoa umeme mkali wa cheche, nyuma kabisa ya silinda hedi; moja inahudumia silinda ya 1 na ya 4, nyingine ya 2 na ya 3. Huu ni mpangilio mzuri sana kwa mtu anayetafuta ubovu. Silinda mbili za jozi moja zikifa pamoja, shuku koili. Ikifa moja peke yake, shuka chini zaidi: waya, plagi, nozeli inayopulizia mafuta, au mgandamizo.

Fundi akachomoa waya mmoja mmoja injini ikiwaka, kwa koleo yenye mpira. Kila alipochomoa, waya aliupachika kwenye plagi ya zamani iliyofungwa kwenye chuma cha injini. Kama una gari la aina hii usiuache waya ukining'inia hewani. Silinda mbili za koili moja ziko kwenye saketi moja. Ukikata njia ya hii, unaivuruga ya mwenzake, na unaweza kuunguza hata kifaa kinachoendesha koili. Alipochomoa wa 2, injini ikalegea. Wa 3, ikalegea. Wa 4, vivyo hivyo. Alipochomoa wa 1, hakuna kilichobadilika.

Silinda ya kwanza haikuwa ikifanya kazi, na ya nne, jozi yake, ilikuwa nzima. Koili ikatoka kwenye orodha. Tukahamisha plagi ya 1 kwenda 2 na ya 2 kuja 1. Misi ikabaki pale pale silinda ya kwanza. Plagi nayo ikatoka.

Lakini tulipochomoa plagi hiyo ndipo tulipoona oili. Kisima cha plagi kilikuwa na oili ya kufika karibu nusu kidole. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa imekauka na kuvuja, na ule mpira wa mwisho wa waya ulikuwa umelowa mpaka umevimba na kulainika kama embe lililoiva kupita kiasi. Nikapima nyaya kwa multimita. Tatu zilitoa namba zilizotulia, kila moja kulingana na urefu wake. Ule wa kwanza, kila nikiukunja kidogo, namba inaruka na kupotea.

Fundi alitosheka. Mimi nilitaka kuona.

Tukasubiri magharibi. Ilipoingia giza la kutosha tukazima taa za gereji, tukawasha injini, naye akapulizia maji kwa chupa ya kunyunyizia maua juu ya nyaya, mvuke mwembamba tu. Nikaona cheche za buluu zikiruka kutoka ubavuni mwa waya wa kwanza kwenda kwenye tapeti kava, moja baada ya nyingine, zikilia tik, tik, tik. Fundi akavuta kamba ya mafuta kidogo. Zikaongezeka. Vijana wa gereji waliacha walichokuwa wakifanya wakaja kusimama nasi, na kwa muda hakuna aliyesema kitu.

Nimefundisha somo la umeme miaka tisa ubaoni na sikuwahi kuliona hivyo. Plagi ya injini hii ina mwanya wa milimita 1.1, mdogo sana, na umeme ungepaswa kuupenda mwanya huo. Lakini hewa iliyobanwa ndani ya silinda ni ngumu kupenyeka kuliko hewa ya nje. Ukikanyaga mafuta, silinda inajaa zaidi, mgandamizo unapanda, na volti inayohitajika inapanda nayo. Waya ukiwa na ufa na juu yake kuna utando wa maji, umeme unapata njia rahisi zaidi pale nje. Ndiyo maana gari liliendeshwa vizuri juani, likatetemeka mvuani, na likatetemeka zaidi nilipolitaka lipande. Na ndiyo maana waya wa kwanza ndio ulioanza kufa: koili ziko nyuma, silinda ya kwanza iko mbele, waya wake ni mrefu kuliko wote na unapita juu ya injini yote, juu ya joto lote.

Kutafuta spea nako kulikuwa kazi. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, nilipata gasketi siku hiyo hiyo, kwa sababu Mazda Familia za B6 zilijaa mjini zamani. Nyaya hazikupatikana, za Familia yenye distributa hazina urefu wala umbo la kufika kwenye koili zile za nyuma. Nikaagiza seti Japani, na wiki tatu nikapanda daladala. Lakini zipo, na hilo hunipa moyo. Roadster zilizotengenezwa, za vizazi vyote, zilipita milioni moja mwaka 2016, na mwaka 2017 Mazda walitangaza kule Japani huduma ya kukarabati za kizazi hiki cha kwanza, pamoja na kuvitengeneza upya baadhi ya vipuri. Kuna magari ya mwaka 2010 hapa mjini yenye shida kubwa ya spea kuliko langu.

Wiki hizo tatu sikukaa bure. Nilipoinua kapeti nyuma ya viti nikakuta godoro lake limelowa. Kwenye gari hili maji ya turubai hayamwagiki ubavuni tu. Mengine hushuka kwenye mfereji wa mpira nyuma ya viti, kisha kwenye matundu mawili, moja kila upande, yanayotokea chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Matundu hayo yakiziba, maji hujaa, huingia ndani na kwenye mabati ya chini ya milango, na kutu huanza mahali usipopaona. Mimi naegesha chini ya mwarobaini. Vijani vyake na yale maua madogo yalikuwa yamejenga donge gumu. Usitumie waya wa chuma, unaweza kutoboa mrija. Nilitumia mshipi mnene wa kuvulia samaki, nikauzungusha taratibu huku jirani akimimina maji ya moto kidogo. Upande wa kulia uliachia ghafla, maji meusi yakashuka. Upande wa kulia ni muhimu mno, maana betri ya gari hili inakaa ndani ya buti, kona hiyo hiyo.

Kioo cha nyuma cha turubai nacho kilikuwa kimepasuka. Ni plastiki laini, na ina zipu. Lazima uifungue zipu na kulaza kioo kabla ya kukunja paa, la sivyo kinavunjika pale pale kwenye mkunjo. Nilimwendea fundi anayeshona maturubai ya bajaji pale Mwenge. Akapima, akakata plastiki ile ile angavu anayoweka kwenye mapazia ya bajaji, akashona mara mbili na kupaka gundi juu ya mshono. Siku ya mvua kubwa nimekaa ndani nikipapasa mshono wote kwa kidole. Mkavu.

Nyaya zilipofika tulisafisha visima kwa kitambaa mpaka kitambaa kikatoka cheupe, tukafunga gasketi mpya na silikoni kidogo kwenye kona zake, plagi nne za NGK BKR6E-11, na nyaya. Fundi akaniachia mimi nipige stata.

Nikampigia Mjomba, nikaweka simu juu ya injini ikiwa inaunguruma. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata.

“Silinda nne,” akasema. Kisha: “Lakini kuna kitu kinagonga kwa mbali, tiki tiki. Hiyo tapeti, mjomba. Oili ina kilomita ngapi?”

Nikafungua daftari. 6,200.

“Basi Jumamosi.”