Nilivyompata mtafsiri wa Kijerumani kwenda Kislovenia, tena wa kilimo

Ofisi yangu ndogo ya tafsiri hapa Nkrumah Road, Mombasa, huishi kwa vyeti vya ndoa vya Kijerumani. Mtwapa na Diani kazi hiyo haikauki. Lakini mwezi wa tatu mzee mmoja Mjerumani akaniletea kurasa 12 za maelekezo ya kunyunyizia matufaha dawa. Binamu yake ana shamba Slovenia, anayataka kwa Kislovenia. Nikamjibu "hakuna shida, mzee". Mdomo ukaniponza.

Wakala mmoja alinipa mtu siku hiyo hiyo. Nikamjaribu kwa aya moja yenye neno Wartezeit, yaani siku za kungoja kati ya kunyunyizia na kuvuna. Akaandika čakalna doba: kungoja tu, kama foleni ya hospitali. Lebo za dawa za huko husema karenca. Nilikesha nikizisoma, chai ya tangawizi ikipoa mezani.

Kilichoniokoa ni ramani. Kusini mwa Austria, jimbo la Kärnten, wapo Waslovenia wenyeji wanaokua na lugha zote mbili. Nikaacha kutafuta mtafsiri yeyote, nikatafuta mtu wa huko aliyesomea kilimo. Wa tatu kunijibu, mama mmoja, aliirudisha aya ikiwa na karenca, na Pflanzenschutzmittel, yaani dawa za kukinga mimea, ameiandika fitofarmacevtska sredstva, kama ilivyo katika kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya 2009. Huyo huyo!

Ada ya benki ilinimalizia nusu ya faida. Mzee naye keshaleta mwongozo wa trekta.