Kumbukumbu ya ukocha: kisigino cha kushoto kimekubali kukaa chini

Kimekaa! Kisigino cha kushoto cha mteja wangu, kile kilichokuwa kinapaa kila akifika katikati ya skwati (zoezi la kuchuchumaa na kuinuka), leo kimetulia sakafuni seti nzima, na video ipo. Kumbukumbu hii ilikuwa iwe ya vifurushi vya bei na maandalizi ya mtihani wa vitendo wa ukocha. Vitasubiri.

Mteja mwenyewe ni mama wa makamo, lengo lake ni kuinuka kwenye kiti kifupi bila kushika kitu. Kusukuma, kuvuta, kubeba, kote yuko vizuri. Skwati ndiyo ilitusumbua. Akishuka nusu, kisigino cha kushoto kinanyanyuka, uzito unakimbilia vidoleni, kifua kinalala. Nikimwambia arudishe makalio nyuma ananijibu, "Kocha, nikirudi zaidi ya hapa naanguka chali." Na kweli anaanguka, nimeshamdaka. Uzito wa mwili lazima ubaki juu ya wayo. Muundi ukigoma kuinama mbele, makalio yanabaki nyuma mno, na njia zilizosalia ni kulaza kifua, kunyanyua kisigino au kwenda chini na mgongo.

Kwanza nilimwekea sahani ndogo za vyuma chini ya visigino. Akashuka mpaka chini kabisa, kifua juu, anacheka. Wengi huishia hapo na sina ugomvi nao. Wanyanyua vyuma wa Olimpiki wenyewe huvaa viatu vyenye kisigino kilichoinuliwa, na sababu ni hiyo hiyo. Ila kiti cha nyumbani kwake hakiji na sahani.

Kwa hiyo nikatoa tepu, tukafanya kipimo cha goti ukutani, kinachoonyesha kifundo cha mguu kinakunjika kiasi gani kisigino kikiwa chini. Kulia kidole gumba kilikaa zaidi ya sentimita 10 kutoka ukutani na goti bado likagusa. Kushoto hata 6 hazikufika. Ndipo akakumbuka kuwa kifundo cha mguu huo kiliwahi kuteguka miaka mingi nyuma. Kwenye fomu ya afya hakuandika, maana kwake yeye hayo yalishaisha. Siku hizi fomu naisoma pamoja na mteja, sauti ikitoka, na kila kiungo nakiuliza kwa jina.

Tukaanza kunyoosha shavu la mguu kwa namna inayofundishwa kila mahali: mikono ukutani, mguu wa nyuma umenyooka. Wiki zikapita, tepu haikusogea. Jibu limo kwenye anatomia ile ile tunayokariri kwa ajili ya mtihani. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa: gastroknemiasi inaanzia juu ya goti, soleasi inaanzia chini yake. Goti likikunjwa, gastroknemiasi inalegea, na kwenye skwati goti limekunjwa sana. Kinachozuia hapo ni soleasi au kiungo chenyewe. Vitabu vinaitaja misuli hii miwili ukurasa mmoja, halafu picha ya mazoezi inaonyesha mguu ulionyooka tu. Inaudhi.

Tukabadilisha. Mguu wa kushoto mbele juu ya stepu, dambeli imelazwa juu ya paja karibu na goti, goti linasukumwa mbele likifuata uelekeo wa vidole, kisigino hakibanduki. Anakaa hapo, anapumua, anarudi. Nikamuuliza anahisi wapi. Akagusa nyuma, chini kabisa ya shavu la mguu, juu kidogo ya kano ya kisigino. Vizuri. Angesema panabana mbele ya kifundo, ningemwelekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kwani hapo mpaka wa kazi yetu umefika.

Tepu ikaanza kusogea. Na kisigino? Kikaendelea kupaa! Hapo nilitaka kutafuna mkeka. Nafasi imepatikana kwenye kifundo, mwenyewe haitumii. Nikamwaga maelekezo yote niliyonayo: kandamiza kisigino, kaza paja, sikilizia wayo, fungua nyonga. Kila nilivyoongea ndivyo alivyozidi kukakamaa.

Nikarudi kwenye kazi za Gabriele Wulf, mtafiti wa namna watu wanavyojifunza mwendo, ambaye tangu utafiti wake wa 1998 ameonyesha kwamba mtu kwa kawaida hujifunza mwendo vizuri zaidi akielekeza akili kwenye kitu kilicho nje ya mwili kuliko kwenye kiungo chenyewe. Maelekezo yangu yote yalikuwa ya viungo. Pembeni palikuwa na karatasi ya ratiba. Nikaikunja, nikaisukuma chini ya kisigino chake, nikashika ncha iliyobaki nje. "Mama, mimi naivuta hii. Usiniachie."

Mara ya kwanza ilitoka nzima, bila kazi. Akanuna kidogo, akaweka dambeli mbele ya kifua (ule uzito wa mbele unamsaidia kutoanguka nyuma), akashuka polepole kuelekea kwenye boksi la kukalia nililoliweka nyuma yake. Nikavuta. Haikutoka. Nikavuta zaidi, ikachanika katikati na nusu ikabaki chini ya kisigino. Alishangilia kuliko mimi. Tangu hapo boksi limekuwa likipungua kimo, na leo halikuwepo kabisa.

Kuhusu vifaa. Simu iliyowekwa chini sakafuni, ubavuni mwa mteja, inatosha. Zile programu za kuchora mistari ya pembe juu ya video nimezifuta, kwani ukisogeza kamera kidogo tu pembe inabadilika, na mteja anaanza kuangalia namba badala ya kusikiliza. Jedwali la Excel nalitumia kwa uzito na seti, lakini "anahisi wapi" inakwenda kwenye daftari. Saa ya mapigo nayo nimeipunguzia cheo. Kanuni za kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, ile ya 220 toa umri na ile ya mtafiti Tanaka ya 2001, yaani 208 toa umri mara 0.7, zinakubaliana mtu akiwa na miaka 40, kisha zinaachana. Kwa mtu wa miaka 60 moja inasema 160, nyingine 166, na mtu halisi anaweza kuwa mbali na zote mbili kwa mapigo 10 au zaidi. Namwongelesha mteja akiwa kazini. Akishindwa kumaliza sentensi, najua alipo.

Vifurushi vya bei bado ni ukurasa mtupu, kwa sababu karatasi imeniteka. Mteja mwingine anashindwa kutuliza kiuno akilala chali na kushusha mkono na mguu wa pande tofauti. Kesho naiweka chini ya kiuno chake nivute, safari hii karatasi nene, za ratiba zinaisha.