Ahimaasi, Mkushi na Mpinzani wa Kilomita Mia

Somo: 2 Samweli 18:19-32

Bwana asifiwe, wapendwa.

Vita vimekwisha katika msitu wa Efraimu. Absalomu, aliyemwasi mfalme, ameuawa, na Daudi babaye ameketi langoni huko Mahanaimu akingoja habari. Yoabu, jemadari wa Daudi, anamtuma Mkushi apeleke habari. Ahimaasi mwana wa Sadoki naye anang'ang'ania: liwalo na liwe, nami nikimbie. Anakatazwa, anaomba tena, mwisho anaachiliwa. Mkushi keshatangulia, lakini Ahimaasi anashika njia ya nchi tambarare na kumpita.

Wanaokimbia ultramarathoni za vijia vya milimani, za kilomita 50, 100 au hata 160, huisoma habari hii kwa jicho lao. Ahimaasi hakumng'ang'ania mwenzake mgongoni. Alichagua ardhi. Huenda njia yake ilikuwa ndefu zaidi, ila miguu haihesabu kilomita peke yake. Inahesabu pia mpando, mteremko, mawe na tope.

Kosa kubwa la kushindana na mtu mnayelingana nguvu hufanyika saa ya kwanza, mlima wa kwanza. Mwenzako anapanda akikimbia, nawe roho inakuuma, unamfuata. Kipimo hakihitaji saa ya mkononi: taja mstari wa kwanza wa Zaburi ya 121, ule wa kuinua macho na kuitazama milima, kwa sauti ya kawaida. Ukilazimika kukata katikati ili uvute hewa, umeshapita kiwango chako, na deni hilo utalilipa usiku. Mlima ukiwa mkali, tembea. Hatua fupi, viganja juu ya magoti au fimbo mbili zikisukuma pamoja na miguu. Mara nyingi anayekimbia mpando kama huo hukutangulia kwa hatua chache tu kileleni, naye anafika akihema vibaya huku wewe ukiwa tayari kuendelea.

Mteremko ndio mdanganyifu zaidi, kwa sababu kushuka hakuchoshi pumzi. Kila unapotua, misuli ya mbele ya mapaja inavutwa ikiwa imekaza ili ikuzuie usiporomoke, na mvuto huo huchana nyuzi zake kidogo kidogo. Husikii kitu kwenye kilomita ya 20. Kwenye kilomita ya 70 unakuta huwezi kushuka hata ngazi mbili bila kushika ukuta. Kwa hiyo mwache mwenzako ajirushe. Wewe piga hatua fupi za haraka, mguu utue chini ya nyonga na si mbele yako, mwili uegemee mbele kidogo, macho yatangulie mita tatu au nne. Kuegemea nyuma kwa woga ndiko kunakofanya kisigino kipige breki na miguu iteleze.

Halafu kuna habari ya chakula, na hapa Maandiko yana mkufunzi wao. Eliya alikimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, na haukupita muda akalala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akarudi akamlisha mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake (1 Wafalme 19). Kidogo, kisha tena. Mkimbiaji wa masafa haya anahitaji gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, kuanzia nusu saa ya kwanza, kabla njaa haijabisha hodi. Jeli moja, kile kipakiti cha wanga laini wa kumeza njiani, huwa na gramu 25 hivi, ndizi ya wastani karibu hivyo hivyo. Maji ni kati ya mililita 400 na 800 kwa saa kulingana na joto, pamoja na chumvi.

Anayemwinda mpinzani husahau kula, kwa kuwa kufungua mfuko kunamchelewesha sekunde 20. Akija kukumbuka, tumbo limegoma: damu imekwenda kwenye misuli na kwenye ngozi inayopoza mwili, utumbo umebaki na kidogo, na kila anachomeza kinarudi. Dawa yake ni kupunguza mwendo, kutembea dakika 10 hadi 15, kupoza kichwa na shingo kwa maji, kisha kuanza upya kwa funda ndogo. Wengine hukosea upande wa pili, wanakunywa maji matupu kupita kiasi mpaka chumvi ya damu inashuka. Ukiona vidole vimevimba, pete inabana, kichwa kinauma na mawazo yanayumba, usiongeze maji. Tafuta daktari wa mbio.

Vituo vya huduma navyo vina hesabu yake. Vituo 12 kwa dakika nne kila kimoja ni dakika 48, na hakuna mlima utakaokurudishia hizo. Amua ukiwa bado njiani: chupa mbili zijazwe, jeli nne mfukoni, maganda kwenye pipa, ondoka. Lakini kisigino kikianza kuwaka moto, simama hata kama mwenzako anapita huku akikutazama. Vua soksi, kausha ngozi, bandika plasta iliyokatwa pembe ziwe za mviringo, maana pembe kali hujikunja na kubanduka, kisha ilainishe kwa kidole isibaki na kunyanzi hata moja. Dakika tatu hizo zinaokoa saa nzima ya kuchechemea na malengelenge.

Usiku ndio mpinzani hugeuka kuwa mzimu. Unaona taa ya kichwani nyuma yako, unahisi inakukaribia, moyo unaruka. Kumbuka kwamba kijia cha mlimani hupindapinda. Taa iliyo umbali wa mita 200 kwa macho inaweza kuwa kilomita nzima kwa miguu. Wapo wanaozima taa yao kwenye kona ili anayewafuata asiwaone, mbinu ya kale, nayo ni njia nzuri ya kujikwaa kwenye mzizi.

Ahimaasi alifika wa kwanza. Mlinzi alimtambua kutoka mbali kwa namna yake ya kukimbia. Mfalme akauliza habari za kijana wake, na mshindi akajibu kwamba aliona ghasia kubwa ila hakujua ni nini. Akaambiwa ageuke, asimame kando. Mbio zote zile, na mkononi hana kitu. Katika Western States ya mwaka 2006, mbio za maili 100 huko California, aliyeongoza aliingia uwanjani Auburn wa kwanza, akaanguka zikiwa zimebaki mita 300 hivi. Wenzake wakamwinua na kumtegemeza hadi mstarini. Kwa kuwa alisaidiwa, akaondolewa kwenye matokeo, na wa pili akatangazwa mshindi. Miaka kumi baadaye, katika mbio za Hardrock 100 huko Colorado, Kilian Jornet na Jason Schlarb walimaliza pamoja baada ya saa 22 na dakika 58, wakashika nafasi ya kwanza wote wawili.

Liko jambo moja ambalo kanuni za mbio nyingi hulitaja wazi: ukimkuta mwenzako ameumia, unasimama. Hata yule uliyemfukuza tangu alfajiri. Muulize jina lake na hapa ni wapi, majibu yatakuonyesha hali ya kichwa chake. Mvishe koti, mfunike kwa blanketi la dharura, kwa sababu mwili uliolowa jasho ukisimama hupoa ndani ya dakika chache. Usimlazimishe kutembea. Piga simu ya waandaaji, na mkimbiaji anayefuata apeleke taarifa kituo kinachofuata, akitaja mahali penyewe na namba ya kifuani ya mgonjwa. Unapofika wewe kituoni, anayeandika namba anaweza kukuuliza: na yule wa nyuma yako, umemwona wapi?

Daudi aliwauliza wakimbiaji wote wawili swali moja. Hakuuliza nani alitangulia wala walipitia njia gani. Alimuuliza Ahimaasi, na Mkushi alipofika akihema, akamuuliza vilevile: yule kijana Absalomu, yu salama?