Kadi ya netiweki ya mama wa stesheneri

Mwaka 2011 nilikuwa Morogoro nafanya ufundi wa kuungaunga, leo napiga Windows kesho natengeneza printa. Masika yale radi ikapita kwenye waya wa simu, ikaingia kwenye modemu, ikafuata kebo mpaka kwenye kompyuta ya mama mmoja mwenye stesheneri. Ajabu mashine ikawaka fresh kabisa, ila poti ya netiweki ya kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kimya, ukichomeka kebo hata taa ya kijani haiwaki. Mama akaniambia mwanangu fanya ufanyavyo, watoto wanataka kuangalia matokeo.

Ilikuwa Dell OptiPlex ile nyembamba ya kulala, prosesa Pentium 4 na Windows XP yake. Dawa ni kuchomeka kadi ya netiweki badala ya poti iliyokufa. Nikafungua nikaona sloti ya PCI ya kizamani, ile nyeupe ndefu ya kuchomekea kadi, na kasha lenyewe fupi, yaani kadi yenye bati refu la kufungia nyuma ya kasha haiingii hata ulie. Nikapanda basi kwenda Kariakoo.

Kijana wa dukani ananishikisha kadi ya gigabiti, yaani megabiti 1000 kwa sekunde, "chukua hii bosi, mpya, inakimbia". Nikaigeuza, kumbe mguu wake mfupi, ni PCI Express, aina mpya zaidi, kwenye sloti ile haikai. Akatoa gigabiti nyingine, hii PCI kweli, lakini draiva yake, ile programu ya kuiendesha, iko kwenye CD na kisoma CD cha mama kilishakufa zamani, halafu jamani intaneti yenyewe pale ofisini haifiki hata megabiti moja kwa sekunde, gigabiti ya kazi gani? Nikamwambia nipe Realtek 8139 ya mtumba. Hii inaishia megabiti 100 lakini XP ina draiva yake humohumo ndani, huhangaiki.

Ipo, ila bati refu. Akamwaga boksi la mabati ya kadi mbovu juu ya kaunta tukaanza kulinganisha moja moja, hili tundu la kebo liko juu mno, lile skrubu hazikutani, mpaka tukapata fupi lililokubali.

Kurudi Moro nikachomeka, nikazima poti iliyokufa kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka, XP ikaitambua kadi yenyewe. Taa ikawaka. Mama anakaangalia tu, "hako kadude ndo elfu kumi na mbili?" Akanipa kumi, mbili akasema nitamalizia kwa fotokopi.