Umeme wa ndege au elektroniki? Amua kabla ya kusaini

Vijana wetu wenye green card wanaotaka kuingia Jeshi la Anga la Marekani huzichukulia kazi hizi mbili za ufundi wa ndege, umeme na elektroniki, kama kitu kimoja. Sivyo, na ukishatia saini, kubadilisha ni kazi kubwa.

Umeme wa ndege una namba ya kazi 2A6X6 na mafunzo yake hufanyika kambi ya Sheppard, Texas. Jina lake rasmi linabeba pia mifumo ya mazingira ya ndege, kwa hiyo usidhani utashika waya peke yake. Jenereta, betri na taa ni zako, na pia kiyoyozi, shinikizo la hewa, oksijeni na vigunduzi vya moto. Kwenye oksijeni, mikono yenye grisi ni hatari ya moto. Umeme mkuu ni volti 115 za AC, fezi tatu, hezi 400 (mizunguko kwa sekunde), pamoja na volti 28 za DC. Hezi ni nyingi hivyo ili jenereta na transfoma ziwe ndogo na nyepesi.

Mtego wa kazi hii ni kuamini mita, yaani kipimo cha umeme. Waya uliokatika nyuzi zote isipokuwa moja bado utakuonyesha volti 28 kamili, kwa kuwa mita hainyonyi mkondo wa maana. Unganisha taa au mzigo halisi, ndipo utaona volti zinaanguka.

Fundi elektroniki hushughulika na redio, rada, vifaa vya kuongozea safari na kompyuta za ndege. Ndege nyingi za kijeshi hupitisha data kwa mfumo wa MIL-STD-1553: jozi ya waya zilizosokotwa, megabiti 1 kwa sekunde, vifaa visivyozidi 31 chini ya kifaa kimoja kinachoyasimamia mawasiliano. Wengi hufikiri watakaa mezani na solda. Uwanjani, sehemu kubwa ya kazi ni kutoa boksi la kifaa cha elektroniki, kuweka jingine, kisha kufuatilia waya. Adui mkubwa ni pini iliyorudi nyuma ndani ya soketi. Ndege ikiwa chini inagusa vizuri; ikiruka na kutikisika inaachia. Boksi linapelekwa karakana, linapimwa, linaonekana zima, linarudishwa, na rubani analalamika tena. Kabla ya kulaumu boksi, fungua soketi, kagua pini moja moja kwa tochi na lenzi, na ulize hitilafu ilitokea ndege ikiwa katika hali gani.

Anayependa kuifikiria hitilafu moja kwa saa nyingi ataifurahia elektroniki. Anayependa kugusa mifumo mingi ya ndege, hata kama ni kazi chafu, aende umeme. Kwa maoni yangu umeme ndio unaojenga msingi mpana zaidi.

Kwa wasio raia kuna jambo zito zaidi. Kazi nyingi za elektroniki hudai kibali cha usalama cha kuona taarifa za siri, na kibali hicho ni cha raia. Mwaka 2023 jeshi lilirudisha utaratibu wa kuapishwa uraia mwishoni mwa mafunzo ya awali, lakini kazi unaichagua kabla ya hapo. Muulize afisa uandikishaji kuhusu kila kazi kwa namba yake. Kataa mkataba ulioandikwa eneo tu, kama "elektroniki", bila namba ya kazi, maana hapo jeshi ndilo litakalokuchagulia.

Alama ya elektroniki kwenye ASVAB, mtihani wa kuingia jeshini, hutokana na sehemu nne: sayansi ya jumla, hesabu za mafumbo, maarifa ya hisabati na maarifa ya elektroniki. Mbili kati ya hizo ni hesabu, kwa hiyo anzia huko. Macho nayo hupimwa kama yanatofautisha rangi.

Ukitoka jeshini, fundi umeme huelekea leseni ya A&P ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, yaani leseni ya ufundi wa bodi na injini za ndege. Inadai uzoefu wa miezi 18 kwa upande mmoja, au 30 kwa bodi na injini pamoja. Uzoefu wa injini ndio unaopungua, kwa hiyo omba kusaidia huko na uweke kumbukumbu ya kila kazi. Fundi elektroniki huanzia leseni ya redio ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iitwayo GROL, yenye mitihani miwili ya maandishi.